Boxer ya zamani, pine pana na bra ya kurefusha: jibu kwa motari wa barabara ya Kamituga

"Jambo yenu mukubwa. Niko na Boxer 150 ya mwaka 2014, nilinunua okazyo, natumikaka nayo Bukavu–Walungu–Mwenga mpaka Kamituga, mara nyingi mifuko mbili ya kilo hamsini nyuma. Wakati wa mvua ni mateso. Gurudumu ya nyuma inazunguka bure mu potopoto, mukia unaenda kushoto na kuume sawa vile siyo mimi nashika gido, na ku milima mbele inanyanyuka mpaka nashuka nasukuma. Pine ni saizi ile ile ya kiwanda, 3.00-17. Kuko musuderi mumoja hapa Kadutu ananiambia tukate bra ya nyuma, ile mikono ya chuma inashika gurudumu, turefushe santimetre 15, tuweke pine ya 110/90-17, atamaliza siku moja. Tena yaya yangu iko Canada alinitumia video ya zile moto za teluji, wanaziwekea chenille (ule mukanda wa kauchu wa kuzunguka) ndefu na pana na zinapanda mulima sawa hakuna kitu. Kama kule inafanya, hapa juu ya nini isifanye? Wengine wananikataza, wanasema kontere ya mbio itadanganya na moteri itakufa. Mutusaidie, nifanye ao niache?"

Mudogo yangu, jambo. Mu swali yako kuko shida tatu, na musuderi anakupa dawa moja ya zote. Ya kwanza gurudumu inazunguka bure, ya pili mukia unacheza, ya tatu mbele inanyanyuka, na kila moja iko na sababu yake mbali. Nakuambia mapema hata hatujaingia ndani: kurefusha bra, hapana. Pine kubwa kidogo, inawezekana, lakini siyo ile 110 (ni upana wake kwa milimetre, yako ya 3.00 ni kwa inchi) ku janti uko nayo leo. Na sehemu kubwa ya mateso yako inaweza kuisha bila kukata chuma hata moja.

Tuanze na video ya yaya yako, juu njo imekuchanganya. Ile mashini ya teluji, aina ambayo Joseph-Armand Bombardier alianza kuuzisha mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo kule Valcourt, Québec, haina gurudumu ya kukanyaga chini, iko na ski mbili mbele na chenille ya kauchu nyuma. Teluji ya milimani inaweza kuwa na kina cha metre moja na kupita, na ukizama hakuna kitu kigumu chini cha kukushika, kwa hiyo dawa ni kuelea tu. Chenille ya kawaida iko na upana wa inchi 15, karibu santimetre 38, na ukiipima kuzunguka yote ya siku nyingi ilikuwa inchi 121, metre 3 na kidogo. Wa milimani wanaenda inchi 154 na zaidi, karibu metre 4. Uzito ni ule ule lakini eneo ya kukanyaga imeongezeka, mashini inaelea. Yaya yako hakukudanganya.

Kile video haikuonyesha ni kazi iko nyuma yake. Ku mashini ya zamani hawabadilishi chenille peke yake. Wanabadilisha reli za kuibeba ao wanaziongezea, wanasogeza susipasyo nyuma, wanaongeza kipande ya ile tuneli ya chuma inafunika chenille kwa juu, wanahakikisha meno ya kuisukuma inalingana na nafasi za chenille mupya (nyingi za zamani ziko na hatua ya inchi 2.52, za milima za sasa nyingi ni 2.86 ao 3, ukichanganya inaruka na kujikata), kiisha wanabadilisha pinyo (gurudumu ndogo ya meno) mu kase ya sheni ili moteri isisongwe. Upana njo unasumbuaka zaidi, juu chenille pana haiingii mu tuneli nyembamba, ni hivyo tu. Na mwisho wa yote ile mashini inakuwa nzito kukata kona. Na inabebaka mutu mumoja na bakisi yake, haibebi mifuko ya mahindi ya kupeleka Kamituga.

Sasa tuje ku pine, na hapa kuko kitu moja watu wengi wanakatalaka mpaka uwapigie hesabu. Pine ya hewa inabebwa na hewa. Tuseme gurudumu yako ya nyuma inabeba kilo 200 pamoja na wewe na mizigo, na ndani umeweka bari 2.5, ni sawa na kilo 2 na nusu ku kila santimetre ya mraba. Gawanya: eneo inagusa udongo ni santimetre za mraba 80 hivi. Ukiweka pine pana na presio ile ile ya 2.5, eneo inabaki karibu 80, inageuka tu umbo, inakuwa fupi na pana badala ya ndefu na nyembamba. Ugumu wa kauchu unaongeza ao kupunguza kidogo lakini hesabu ni hiyo. Chenille ya teluji ni mambo ingine, eneo yake imeamuliwa na reli na urefu wa kauchu chini yake. Ya pine inaamuliwa na presio. Kwa hiyo ile unaona ku video haiwezi kuhamia ku moto yako kwa njia ya upana.

Shusha presio kutoka 2.5 mpaka 1.8 na uzito ule ule: eneo inapanda kutoka 80 mpaka 111. Umepata zaidi ya sehemu moja ku tatu bila kulipa franga. Motari wengi wa barabara yenu wanafanya kinyume, wanajaza pine ikuwe ngumu sawa jiwe juu wanaogopa kupasua na mizigo, kiisha wanashangaa inateleza. Lakini usinisikie vibaya nawe ukaenda kutoa hewa yote. Ukiwa na mizigo, chini ya 1.8 mimi sikushauri, na mizigo ikizidi hata hiyo haitoshi. Kama uko na shambere ndani, pine ikilegea inaanza kuzunguka ku janti wakati unaongeza gazi, inavuta shambere nayo, na valvu inakatika ku shina, hapo hata mutu wa viraka hakusaidii. Tena ukipiga jiwe, janti inakata shambere pande mbili kwa mara moja. Angalia valvu kila saa: kama imeanza kulala upande, pine imesogea, toa hewa yote uirudishe sawa. Na ukitoka mu potopoto ukifika ku njia ngumu, simama upompe urudi ku presio ya kitabu. Kwa moto za namna hii kitabu inasemaka karibu bari 2 ukiwa peke yako na 2.25 ao zaidi kidogo ukiwa na mutu nyuma, angalia yako. Pompe ya mukono yenye kipimo chake cha presio ni kitu ya kwanza naomba ununue, mbele ya pine.

Kiisha potopoto yenyewe haiko aina moja. Kuko ile nyembamba, santimetre tano ao kumi juu ya udongo mugumu ao mawe. Hapo pine pana ni hasara kabisa, inaelea juu ya mafuta ile na haifikii kigumu. Pine nyembamba yenye krampo (yale meno makubwa ya kauchu) inakata, inashuka, inashika. Na kuko ile ya kina, mitaro malori imechimba, unazama mpaka akse. Pale njo mutu anawaza pine pana. Lakini mu mutaro ile unapitia wapi? Unapita ndani ya njia ya tairi ya lori, na pine pana inaanza kusugua kuta pande zote mbili, gurudumu ya mbele ni nyembamba inaenda kwake, ya nyuma inaenda kwake. Udongo wetu wa Walungu kushuka pale Mwenga ni ule mwekundu wa kunata, unajaza krampo zenye zimekaribiana mpaka pine inakuwa mupira wa udongo, laini kabisa. Kile kinatakiwa ni krampo za juu, zenye nafasi kubwa katikati, ili ikizunguka iteme udongo. Pine ya krampo ya 3.00-17 ao 90/90-17 itakusaidia kuliko 110 yenye michoro ya guduro. Angalia yako kwanza: kama krampo zimebakia urefu wa kucha, hata hatuna haja ya kubishana, shida ya kwanza ni hiyo.

Tena kuko kitu wewe unajua kuliko mimi: mukifika pale pabaya munafungaka kamba ao sheni ya zamani kuzunguka pine. Inafanya vizuri, polepole, kwa metre chache, kiisha unatoa. Ukishaweka pine inajaza bra nzima, ile kamba utaipitisha wapi?

Twende sasa ku 110/90-17 ya musuderi. Chukua kitambaa, pangusa janti yako ya nyuma, utaona wameandika 17 na upana wake, kwa Boxer na moto ndugu zake mara nyingi ni 1.60 ao 1.85, ni inchi. Pine ya 110/90 inaomba janti isiyo chini ya 2.15, na inajisikia vizuri ku 2.50. Ukiilazimisha ku 1.85 inaingia, ndiyo, fundi atakuonyesha imeingia. Lakini midomo yake inabanwa, pine inavimba inakuwa mviringo juu, na unakanyagia mustari wa katikati tu. Yaani umelipa upana ambao haugusi chini. Na kuta zake zinakuwa laini kwa kando, ukiweka mifuko mbili mukia unacheza zaidi ya leo. Ni kinyume cha kile unatafuta.

Ukitaka kupanda saizi kwa kweli, kuko njia ya haki: 90/90-17 ku janti ya 1.85, ao ukitaka 100/90-17 unabadilisha janti yenyewe unaweka ya 2.15, mwezo (ile ya katikati, reyo zinatokea) unabaki ule ule, reyo zinafungwa upya. Hesabu matundu mbele ya kununua, kawaida ni 36 lakini hesabu. Kufunga reyo na kunyoosha janti siyo kazi ya kila mutu, tafuta yule watu wa vélo na moto wote wanamupelekeaka, na urefu wa reyo anaweza kukuambia zinatakiwa zingine.

Mbele ya yote hayo pima nafasi. Na siyo kupima moto ikiwa imesimama ku bekiye, hiyo inadanganya. Toa amortisere zote mbili, nyanyua gurudumu kwa mukono mpaka mwisho wake, pale inafikaka ukipiga shimo na mizigo, na uangalie pine inagusa nini: gardebu, nyuzi za taa, chini ya kiti. Kwa kando nataka kidole nzima kati ya pine na bra, na kidole nzima kati ya pine na sheni. Unaweza kuniambia fundi mwingine anakubali milimetre tano. Mu guduro ya mji sawa. Kwenu udongo unaingia pale katikati, unakauka, unakuwa tofali, na nimeona gurudumu zinafungana katikati ya njia kama umekanyaga freni. Kama pine inakaribia sheni, kuko mafundi wanaongeza rondele ku akse wanasukuma gurudumu upande. Kataa. Gurudumu ya nyuma haiko tena mu mustari na ya mbele, ao kuroni (ile ya meno ya nyuma) haiko tena mu mustari na pinyo, moja ya hizo mbili lazima ikuharibikie. Kuangalia ni rahisi: chukua kamba ndefu, ipitishe nyuma ya pine ya nyuma, ivute mbele pande zote mbili chini kidogo ya akse, gurudumu ya mbele ikae katikati sawasawa.

Moteri nayo. Wale wanasema itakufa wanazidisha, lakini kuko ukweli ndani. Pine ya 3.00-17 iko na kimo cha milimetre 584 hivi, ikizunguka mara moja moto inaenda metre 1.83. Ya 110/90-17 ni milimetre 630, metre 1.98. Ni karibu asilimia 8 zaidi, na nguvu ya kupanda inapungua karibu asilimia 7. Boxer 150 iko na nguvu ya farasi 12 hivi ku karatasi, lakini karatasi iliandikwa kwa hewa ya karibu na bahari, sisi Bukavu tuko metre 1,500 hivi, hewa imepungua karibu asilimia 15, farasi ziko 10 zenye afya, na yako ni ya 2014. Ukipunguza tena ile asilimia 7 ya kuvuta, premye itakuwa nzito, utaanza kuteleza ambreyaji kwa mukono ku kila mulima, na ambreyaji njo itakufa, siyo moteri.

Hapo dawa iko, na ni ya bei ndogo. Hesabu meno. Tuseme uko na pinyo ya 14 mbele na kuroni ya 42 nyuma, ni mara 3. Ukiweka pinyo ya 13 unapata 3.23, na ukiondoa ile asilimia 8 unarudi karibu ku 3 kama mwanzo. Ukibaki na pine yako ya 3.00 na uweke 13 tu, umepata karibu asilimia 8 zaidi ya nguvu ku mulima, na gazi inakuwa rahisi kupima mu potopoto juu gurudumu haitaruka kwa ghafla. Utapoteza mbio ku guduro, lakini niambie, kati ya Walungu na Mwenga unapandaga vitesi ya mwisho mara ngapi? Sheni itachakaa haraka kidogo juu inajikunja sana ku pinyo ndogo, na uangalie isisugue juu ya bra pale mbele, ile kauchu ya kulinda iwe nzima.

Kontere, acha wakuambie. Ku moto hizi kebo ya kontere inatokaka ku gurudumu ya mbele. Unaweza kuweka nyuma pine ya trakta, kontere haitajua. Ile hawakuambii njo kubwa: freni. Tambu ya nyuma ni ile ile, pine imekuwa ndefu, nguvu ya kushika inafika chini ikiwa imepungua karibu asilimia 7 pia. Ukishuka milima na kilo 100 nyuma utaisikia.

Sasa bra. Hapa sitakuwa na maneno laini.

Bra ni mikono mbili za chuma zinatoka ku shasi mpaka ku akse ya nyuma, na amortisere zinashikilia karibu na mwisho wake. Tuchukue mufano: kutoka pale inazungukia ku shasi mpaka akse ni santimetre 45, na mpaka pale amortisere inafungwa ni 40. Musuderi anaongeza 15 nyuma ya amortisere. Akse sasa iko 60, amortisere imebaki 40. Gurudumu imepata mukono murefu wa kuonea amortisere. Ukipiga hesabu, ugumu wa susipasyo vile gurudumu inausikia unashuka mpaka karibu asilimia 56 ya vile ulikuwa. Ni kama umetoa karibu nusu ya springi. Na mifuko mbili, moto itakaa chini, itapiga mwisho ku kila shimo, na kila pigo linaenda moja kwa moja ku pale alisude. Chuma ya bra ni tube nyembamba. Ukiichoma na bageti nene ya mulango ya nyumba, haivunjiki ku sudiri yenyewe, inavunjika pembeni, pale joto la kusude lilipita, na haikupi habari. Kuweka ferabeto juu yake ili "ikuwe na nguvu" inahamisha tu mahali pa kuvunjikia.

Kiisha kuko vitu hakukutajia. Sheni ya 428 iko na hatua ya milimetre 12.7, ukirefusha santimetre 15 unaongeza santimetre 30 kuzunguka, ni pini 24 zaidi, sheni ndefu ile inachapa juu chini na inaruka. Bare ya freni irefushwe. Na ile bare ingine fupi inashika tambu isizunguke na gurudumu, nayo lazima irefushwe ao ihamishwe, na kama ile imesudiwa vibaya siku unakanyaga freni kwa nguvu inaachia, tambu inazunguka, inakunja kila kitu na gurudumu inafunga. Hiyo kwa siku moja ya kazi, Kadutu, kando ya barabara? Hapana.

Najua kwa nini wazo linavutia. Urefu unasaidia kweli kitu moja. Ona chukudu ya Goma, ndefu, muzigo uko chini katikati ya gurudumu mbili, inashuka imetulia na mamia ya kilo. Lakini ku kupanda wanaisukuma na mikono, haijivuti yenyewe. Wewe moto yako inajivuta na gurudumu ya nyuma, inataka uzito pale. Ukisogeza gurudumu nyuma, sehemu ya uzito wako wewe na ya moteri inahamia mbele, ya nyuma inakuwa nyepesi, inazunguka bure zaidi mu potopoto. Umetibu shida ya tatu umeongeza ya kwanza.

Na ile shida ya tatu, kunyanyuka mbele, iko na dawa ambayo motari hawapendi kuisikia juu haionekani kama ufundi. Kutoka gurudumu mpaka gurudumu moto yako iko karibu metre 1.30. Mifuko yako ya kilo 100, vile naona watu wanafunga, katikati yake iko kama santimetre 20 nyuma ya akse, juu ya portbagaji na inatoka inje. Pale inakanyaga nyuma kilo 115 na inanyanyua mbele kilo 15. Ukirefusha bra santimetre 15, mbele inanyanyuliwa kilo 3 tu, vizuri. Sasa acha bra vile iko, usogeze mifuko mbele santimetre 15. Mbele inanyanyuliwa kilo 4. Kilo 3 na kilo 4! Ile kazi yote ya kukata na kusude unaipata kwa kamba. Mufuko wa kwanza uulaze ku kiti nyuma ya mugongo wako kabisa, wa pili uugawe mbili uning'inize kila upande mbele ya akse, chini, mbali na eshapma na sheni, na wewe ukae karibu na rezervwari ku mulima. Ukishuka chini uzito vile, hata mukia unatulia.

Mukia, basi, tumefika. Mbele ya kuilaumu pine nataka uangalie kitu moja leo jioni. Weka moto ku bekiye ya katikati gurudumu ya nyuma iko hewani, shika pine juu na nyuma na mikono mbili, itikise kushoto kuume kwa nguvu. Kama unasikia "tok tok", muambie mutu ashike bra kwa nguvu utikise tena. Ikiendelea, ni rulma za gurudumu. Ikinyamaza, ni bushi za bra pale inafungiwa ku shasi. Moto ya 2014 yenye kazi ya Kamituga, maji na mchanga kila siku, mimi naweka franga yangu ku bushi. Milimetre moja ya mchezo pale mbele inakuwa mingi zaidi ukifika ku pine, na hakuna pine wala presio itaficha hiyo. Angalia pia reyo, pitisha bisi ndogo juu yao zikilia, ile inalia tofauti na wengine imelegea. Amortisere zikitoa mafuta, badilisha zote mbili pamoja, siyo moja.

Kwa hiyo mimi, na moto ile na barabara ile, ningeenda hivi. Kwanza bushi na rulma, juu bila hizo kila kitu ingine ni kubahatisha. Kiisha pine ya krampo, 3.00 ao 90/90 kama janti ni 1.85 na nafasi iko. Pinyo ya 13, na kama sheni na kuroni zimekula meno, badilisha zote tatu siku moja, kuweka pinyo mupya ku sheni ya zamani ni kutupa pinyo. Pompe. Kamba nzuri. Ukimaliza mvua moja nzima na bado unaona unahitaji upana zaidi, tunaongea janti ya 2.15 na 100/90. Zaidi ya hapo, kwa kweli, unatafuta moto ingine, yenye bra na shasi ilifikiriwa kwa pine ile tangu kiwanda, na mara nyingi kuuza yako na kuongeza kidogo ni bei rahisi kuliko kuigeuza.

Kuko mahali maandishi hayatoshi. Pangusa shasi vizuri na petroli pale bra inafungiwa na pale amortisere zinashika juu, na uangalie na torche. Ukiona mustari mwembamba wa kutu unatoka ku kona ya sudiri, hiyo ni ufa, usibebe muzigo tena, peleka ku fundi mwenye kujua shasi na asiifunike na rangi. Kama umebadilisha bushi na bado inacheza, akse yenyewe ao nyumba yake imekuwa yai, hapo ni kazi ya turneri mwenye tour. Na kama kamba inaonyesha gurudumu mbili haziko mu mustari na wewe hukuongeza rondele yoyote, huenda iligongwaka mbele haujainunua, bra ao shasi imepinda, na kuinyosha na nyundo pembeni ya njia siyo dawa.

Ukipeleka moto ku fundi yeyote waangalie, usiipeleke tupu. Ipeleke na mifuko juu, imefungwa vile unaifungaka siku ya kuondoka, pine na presio unatumikaka nayo, na udongo wake usiuoshe.